Huibert Verdoorn, 1931–2019, na Mkate Aliopokea

Marehemu Huibert Verdoorn hakupenda kusifiwa, na hapa kwetu Kievitswaard hatuna desturi ya kummwagia sifa mtu aliyekwisha kufunikwa. Yanayomhusu Mungu mchungaji ameyasema kaburini. Yanayomhusu Huibert yanasomwa hapa ukumbini, kabla ya kahawa, kwa ombi la mjane wake. Yameandikwa na binti yake Dirkje, na yanasomwa na mwanawe wa kwanza, Bastiaan, ambaye hakubaliani na kila neno lakini ameahidi kusoma yote bila kuruka.

Hatutatia chumvi. Kwa siku tatu ndugu hao wawili waligombana kwa sababu ya mstari wa mwisho tu. Dirkje alitaka wasifu uishe kama wasifu wa watu wengine unavyoisha, kwamba baba apumzike kwa amani. Bastiaan, ambaye ni shemasi, alisema jambo hilo hakuna mtu chini ya jua anayelijua, na lisilojulikana haliandikwi. Ubaya ni kwamba marehemu mwenyewe angekuwa upande wa Bastiaan.

Huibert alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 1931, katika nyumba namba 27 chini ya tuta la mto, akiwa wa nne kati ya watoto tisa wa Bastiaan Verdoorn, mkata mierebi, na mkewe Dirkje Kooijman. Mto ulikuwa umeganda wiki hiyo, na mkunga alivuka kwa miguu juu ya barafu akiwa na kikapu kichwani, jambo ambalo Huibert alihadithiwa mara nyingi hadi akalisimulia kana kwamba aliliona kwa macho yake. Alibatizwa wiki tatu baadaye. Kati ya watoto tisa wa nyumba ile, leo amebaki mmoja.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1937. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba, na mwalimu alimketisha nyuma ili asiwapoteze wenzake kwenye zaburi. Septemba 1944 askari waliichukua shule wakalaza farasi madarasani, na hapo masomo yake yakaishia. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Siku iliyofuata baba yake alimpa kisu cha kukatia fito, akamwonyesha mstari wa mierebi uliosimama ndani ya maji ya magoti, akamwambia aanze mwisho ule. Majira ya baridi yaliyofuata, kwa njaa ya vita, watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Huibert alivila pia, na maisha yake yote hakuruhusu ua la aina ile kuingia nyumbani kwake, hata siku ya harusi.

Kazi yake ilikuwa kufuma majamvi. Vijana waliomo humu hawakuyaona, kwa hiyo tuseme kidogo. Jamvi lilifumwa juu ya tope wakati maji yamekupwa: matita marefu ya fito za mierebi yanalazwa, mengine yanakatishwa juu yake, kila yanapokutana yanafungwa kamba, mpaka linakuwa pana kuliko kanisa. Maji yakijaa jamvi linaelea, linavutwa na mashua hadi mahali panapotakiwa tuta jipya, na matishari ya mawe yanalizunguka. Nyapara akishusha kofia, watu wote wanatupa mawe kwa mara moja na jamvi linazama, likae chini lizuie mkondo usile mchanga. Mawe yalitoka tumbo la tishari kwa kupokezana, mkono kwa mkono, na sheria ilikuwa moja tu: unachopewa unapokea. Huulizi, hutazami, maana nyuma ya mwenzako kuna mwingine ameshika lake. Aliyesita alivunja vidole vya mtu.

Nyapara wake alikuwa Lammert Boogaard, mtu mwenye sauti ya kupasua ubao. Ndiye aliyemfunza.

"We Huib! Ukiwaza, umechelewa!" alimfokea siku za mwanzo. "Mikono ifanye kazi, kichwa kikapumzike nyumbani!"

Huibert akajifunza. Baada ya mafuriko ya Februari 1953 alikwenda kusini pamoja na kikosi cha Lammert kuziba matuta yaliyobomoka, akakaa huko miezi tisa, akilala ndani ya tishari, na aliporudi hapakuwa na mikono myepesi kuliko yake mto mzima. Kwa miaka ishirini na mitano majamvi yake yalizamishwa kila mahali palipojengwa tuta au bwawa baharini. Hayaonekani. Jumamosi moja mwaka 1966 aliwachukua watoto kwa basi, safari ya saa mbili na nusu, kwenda kuwaonyesha kazi yake. Walisimama ukingoni, upepo ukiwapiga usoni.

"Iko wapi, baba?" Bastiaan aliuliza.

"Hapo chini."

"Mbona tunaona maji tu?"

"Ee. Ndiyo hivyo."

Wakala mkate wao na jibini, wakapanda basi kurudi. Dirkje, aliyekuwa na miaka sita, alilia njiani kwa kuwa alidhani baba amepoteza kitu.

Tarehe 24 Machi 1955 alifunga ndoa na Pleuntje Stuij, binti wa nahodha wa tishari. Uchumba wao haukuwa na maneno mengi. Huibert aliona uzio wa kina Stuij umelala upande, akaja na nyundo Jumamosi moja akautengeneza bila kuombwa. Jumamosi ya pili akaja tena, akautengeneza pale palipokuwa pazima. Ya tatu Pleuntje akatoka nje, mikono kiunoni.

"Uzio umeshapona huu. Unatafuta nini tena?"

"Nakutafuta wewe."

"Si ungesema wiki ile ya kwanza? Misumari yote hii!"

Mungu aliwajalia watoto watano: Bastiaan, Maaike, Dirkje, Gerrit, aliyeishi siku kumi na moja, na Leendert. Huibert aliondoka alfajiri akarudi jioni, lakini Jumamosi ilikuwa ya watoto. Alichemsha maji, akawaogesha mmoja baada ya mwingine ndani ya beseni la jikoni, kisha akapiga rangi viatu vya wote na kuvipanga mlangoni kwa ukubwa wake, maana kesho yake ilikuwa siku ya Bwana na kiatu hakiguswi kwa brashi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi. Mahubiri yalipofika sehemu ya pili alitoa mfukoni pipi za mnanaa akazipitisha bila kugeuza shingo. Hakuna mtoto wake aliyewahi kupigwa naye.

Sasa tunafika kwenye Jumapili ile, tarehe 17 Machi 1968, na Bastiaan ameombwa asome polepole.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Wote mliomo humu mnaijua meza yetu: kitambaa cheupe, mabenchi mawili marefu, na kanisa la watu mia tisa ambamo wanaosimama kuiendea hawafiki thelathini. Anayekwenda ni yule anayejua kwamba ameitwa, anayejua siku na saa, na anayeweza kuwaeleza wazee wa kanisa ilivyokuwa. Wengine tunabaki tumekaa. Anayekula bila kuitwa anajilia hukumu, na hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Huibert alikuwa na miaka thelathini na saba na hakuwahi kusogea. Hakujiona bora wala duni. Alingoja tu.

Lammert Boogaard, aliyekuwa nyapara wake, alikuwa mmoja wa wale wachache. Lakini sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yamezimika, na mkewe aliyekuwa akimshika mkono alikuwa amezikwa mwezi wa Januari. Zaburi ilipoanza, Lammert alisimama, akapapasa mwisho wa benchi, akasimama palepale. Watu waliimba. Hakuna aliyeinuka, kwa kuwa kuinuka wakati ule ni kusema jambo kubwa. Zaburi ikaingia ubeti wa pili. Dirkje, aliyekuwa na miaka saba na amekaa ubavuni mwa baba yake, alihisi benchi likipanda kidogo, na alipotazama, baba alikuwa njiani.

Alimshika mzee kwapani, akamtembeza mpaka mezani, akamketisha. Alipotaka kugeuka, Lammert alikuwa ameng'ang'ania mkono wa koti lake.

"Ni Huib huyu?"

"Ni mimi, mzee."

"Usiniache, mwanangu. Sijui kikombe kitatokea upande gani."

Akakaa ukingoni, kwa dakika moja, alivyodhani. Nyuma yake wakaja wengine wakajaza benchi, akabanwa katikati. Mchungaji siku hiyo alikuwa mgeni kutoka kijiji cha mbali na hakumjua mtu. Alitoa maneno yake, akamega, akapita na sahani, akaweka kipande mkononi mwa kila aliyekaa. Mkono wa Huibert ulifunguka. Alipewa, akapokea. Baadaye alisema kwamba akili yake ilikuwa kwa mzee, kama amekipata chake, na alipozinduka mdomo wake ulikuwa mtupu, ameshameza. Kikombe kilipokuja alikipitisha bila kunywa. Hilo nalo watu waliliona.

Nyumbani hapakuliwa. Viazi vilipoa mezani.

"Huib, umefanya nini?" Pleuntje alimuuliza.

"Nilipewa."

"Kwani kila unachopewa unakula?"

Pleuntje amekubali neno hilo liandikwe hapa. Anasema ndilo neno analolijutia kuliko yote aliyowahi kutamka kinywani mwake, na kwamba akiliacha lisisomwe atakuwa anajificha.

Jumatatu, tishari zima lilikuwa na habari. "Shikamoo, mteule!" walimtania. "Jamani tupisheni, mteule apite, msimchafue na tope!" Yeye akapokea mawe na kuyapitisha. Utani ungeisha, na uliisha. Lililomwumiza zaidi ni waliokuja kwa wema. Jioni ile ile wanawake wawili wazee waliopendwa hapa kijijini waligonga mlango, nyuso zimewaka kwa furaha, wakaketi kusikiliza jinsi Bwana alivyomwita.

"Tuambie, kijana wetu. Ilikuwa lini?"

"Haikuwa," alisema Huibert. "Sikuitwa. Nilimsindikiza mzee."

Walinyanyuka bila kumaliza kahawa. Alhamisi wakaja wazee wawili wa kanisa, wakakaa wakiwa na makoti yao. Huibert aliwaomba wamwadhibu. Alitaka asimamishwe mbele, atangazwe, jambo liishe. Walitazamana, wakasema hawana adhabu ya jambo hilo, ni kati yake na Mungu. Walidhani wanamhurumia. Walipotoka, Dirkje alichungulia kutoka ngazini akamwona baba yake ameinamia meza, mikono ile mikubwa imefunika uso, na tangu siku hiyo alijua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa.

Tangu hapo Huibert alihama benchi la familia kila Jumapili ya Meza, akakaa peke yake mlangoni, chini ya roshani ya kinanda. Mara nne kwa mwaka, kwa miaka hamsini na mmoja. Mkate mweupe, kama ule wa Mezani, hakuula tena. Nyumbani ukaliwa wa kahawia tu, na watoto walidhani ni ubahili hadi walipokua. Hakuwa mkali, hakunywa, hakumnunia mkewe. Aliendelea kupiga viatu rangi. Ila ukimwambia habari njema, ya mtoto kufaulu au mjukuu kuzaliwa, alitikisa kichwa kwa upole kama mtu anayesikia habari za nyumba ya jirani.

Lammert alipokuwa kitandani mwaka 1971, alimwita.

"Huib, ni mimi niliyekushika koti. Kosa nipe mimi, nakwenda nalo leo kesho."

"Hili halibebwi na watu wawili, mzee."

"Kichwa kigumu wewe! Nilikufunza kupokea, sikukufunza kuwaza!"

"Ndiyo, mzee," alisema Huibert, akamsawazishia mto. Mzee alikufa siku ya nne.

Majamvi ya fito nayo yalikufa. Kuanzia mwaka 1977 yalikuja yaliyotengenezwa kwa nailoni, yakitandazwa na meli yenye mashine, na kazi ya watu mia ikafanywa na watu sita. Huibert alihamishiwa kupanga mawe kandokando ya matuta, akipiga magoti, mpaka alipostaafu tarehe 1 Machi 1993 akiwa na magoti mabovu na miaka sitini na miwili. Alipewa saa ya mezani. Aliendelea kukata mierebi yake midogo nyuma ya nyumba, akafunga matita na kuyapanga bandani, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeyahitaji, kila masika aliyachoma akaanza upya.

Mwezi wa Agosti mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Kitanda kiliwekwa sebuleni mbele ya dirisha, na Dirkje, aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka thelathini na sita na hakuolewa, alirudi kulala katika chumba chake cha utotoni. Alikuwa na neno moja alilolitaka kwa baba yake. Hakuhitaji hotuba. Neno dogo tu, la kushikilia. Mchungaji alikuja akamuuliza kama ana tumaini, na Huibert akamjibu kwa adabu, "Kwa wengine, ndiyo." Basi Dirkje akajikaza, alasiri moja ya Oktoba, akiwa anamkata kucha.

"Baba, unaogopa?"

"Ndiyo."

"Mpaka sasa? Baba, ulimsaidia kipofu."

"Najua nilichofanya, mwanangu. Nilikuwapo."

"Na kama umesamehewa siku nyingi, na hujui tu?"

Alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni binti. "Ingekuwa vizuri," alisema. Akampa mkono wa pili.

Dirkje alilingoja neno lake hadi siku ya mwisho na hakulipata. Wasifu huu hautajifanya kwamba alilipata.

Huibert Verdoorn alifariki nyumbani, Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Neno lake la mwisho alimwambia mkewe: "Umekula?" Pleuntje akamjibu, "Nimekula." Alikuwa hajala tangu asubuhi ya jana yake.

Jumamosi, watoto wakiwa jikoni na karatasi hii, mama yao alikuwa akimenya viazi.

"Hatuandiki tusilolijua," alisema Bastiaan. "Baba mwenyewe asingekubali."

"Sasa tuandike nini, kaka? Kwamba amepotea?"

"Sijasema hivyo, Dirkje. Kweli nisingesema hivyo. Unadhani mimi nalala?"

Akalia, shemasi wetu, mbele ya dada yake, na ameomba hilo lisifutwe. Mama akaweka kisu chini.

"Nyamazeni wote wawili. Hiyo amani mimi siijui. Nimeishi na baba yenu miaka sitini na minne, na tangu Machi ile sikuiona ndani ya nyumba hii hata siku moja. Nisichokiona siwezi kukiandikia mtu. Lakini uchovu wake niliuona. Nilimvua mabuti kila jioni, vidole havikunjuki. Andikeni apumzike. Mengine yaacheni."

"Mama, hata hilo ni kumwombea marehemu," Bastiaan alisema kwa sauti ya chini. "Sisi hatuwaombei wafu."

"Basi nitakapofika nitaulizwa mimi. Wewe soma."

Marehemu ameacha mjane, Pleuntje; watoto wanne, Bastiaan, Maaike, Dirkje na Leendert; wajukuu kumi na mmoja; vitukuu ishirini na watatu; na dada yake mdogo, Jannigje, aliyeko nyumba ya wazee na ambaye ameambiwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza alisahau. Amezikwa leo, Jumanne, tarehe 19 Novemba 2019, kando ya mwanawe Gerrit.

Apumzike.